UZI: Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora aliyewachora mamalia wa Afrika Mashariki mpaka ndani ya misuli

#1 Mwongozaji_Karatu

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani tukitaja wachoraji wa wanyama, jina linalokuja kwanza ni Edward Saidi Tingatinga, na anastahili. Leo naomba tumjadili mwingine, mzaliwa wa hapa hapa, ambaye kazi yake sisi waongoza watalii tunaibeba kwenye gari kila siku na wengi wetu hatumjui aliyeifanya. Kile kitabu kinene cha mamalia wa Afrika, ambacho mgeni akiuliza "yule ni nguchiro gani?" unakifungua harakaharaka kabla mnyama hajazama kwenye majani, kilitoka mara ya kwanza mwaka 1997. Mwandishi wake ni Jonathan Kingdon, na mchoraji wa picha zilizomo ni yeye huyo huyo.

Kingdon alizaliwa Tabora mwaka 1935. Baba yake alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni na mama yake alikuwa mchoraji. Huyo mama ndiye aliyemfundisha kushika penseli. Alipokua akaenda Uingereza kusomea sanaa, kwanza shule ya Ruskin pale Oxford, kisha Royal College of Art, London. Mwaka 1960 akarudi Afrika Mashariki kufundisha sanaa Makerere.

Akiwa Makerere ndipo alipoanza kazi iliyomla miaka mingi: kuandika na kuchora mamalia wote wa Kenya, Uganda na Tanzania. Kazi hiyo inaitwa "East African Mammals", na ilitoka kwa vipande saba kati ya 1971 na 1982. Cha kwanza kina nyani na jamaa zao, pimbi, kakakuona. Mwaka 1974 vikatoka viwili, kimoja cha popo na wala wadudu, kingine cha sungura na panya. Wala nyama wakafuata 1977, kisha wakubwa kama kifaru, kiboko na twiga 1979, na vya mwisho viwili vya swala na nyati 1982.

Hebu fikirieni ukubwa wa hiyo kazi. Mtu mmoja anakaa na popo. Anamchora popo uso kwa uso, pua yenye majani ya ngozi, masikio, mikunjo ya ngozi kuzunguka mdomo. Halafu anamchora fuvu lake. Halafu anachuna ngozi na kuchora misuli ilivyolala chini yake. Kisha anakwenda kwa spishi inayofuata na kurudia, na ukiziweka sura hizo kando kwa kando unaona popo wa aina mbili ambao kwa jicho la kawaida ni mmoja, hawafanani kabisa.

Na hapa ndipo ninapotaka kusimama kwenye uzi huu. Kwa Kingdon, kuchora ndiyo ilikuwa njia ya kumjua mnyama. Alishika penseli pale ambapo mtafiti mwingine angeshika mizani au darubini, na penseli ikampa majibu ambayo maabara yalikuja kuyathibitisha miaka baadaye. Nina mifano miwili mikubwa, kima na panya. Nitaileta mmoja mmoja, maana kila mmoja una mambo yake.

#2 kijana_wa_kimara

Mkuu shukrani kwa uzi. Swali dogo: kwa hiyo huyu ni mwanasayansi anayejua kuchora, au mchoraji aliyeingilia sayansi? Maana sisi tuliosoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) tuliambiwa mchoro wa baiolojia si sanaa, usitie kivuli, usipambe.

#3 Mwongozaji_Karatu

Kijana wa Kimara, alisomea sanaa. Shahada zake za ujana ni za sanaa. Lakini vipande vile saba vilipokamilika, watu wa zuolojia walivipokea kama kazi ya mwenzao, na baadaye akafanya kazi na Chuo Kikuu cha Oxford upande wa zuolojia na anthropolojia ya kibaiolojia. Mwaka 2013 yalitoka majuzuu sita ya "Mammals of Africa", yenye spishi zaidi ya 1,100 na waandishi zaidi ya 350 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Kingdon ni mmoja wa wahariri, na michoro yake imo.

Kuhusu kivuli: mwalimu wako alikuwa sahihi kwa mtihani. Mchoro wa mtihani unapima kama mwanafunzi ameuona mstari na kuupa jina. Kingdon alihitaji kivuli kwa sababu alikuwa anauliza misuli ya shavu inapita wapi, na unene wa msuli huuoni bila kivuli.

#4 Nyakato_K

Habari zenu wana jukwaa. Nawasalimu kutoka Kampala.

Naongezea kidogo upande wa Makerere kwa sababu watu husahau ile shule ilikuwa nini. Ilianzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, na jina lake bado lipo kwenye shule ile. Kingdon alipofika 1960, tayari ilikuwa imetoa wasanii kutoka nchi zote tatu. Sam Ntiro wa Kilimanjaro alisoma pale na kufundisha pale, kisha Tanganyika ilipopata uhuru akawa balozi wenu London. Elimo Njau naye ni wa pale, yeye aliyechora kuta za kanisa la Murang'a na baadaye akaanzisha Paa ya Paa kule Nairobi.

Kwa hiyo Kingdon hakuwa peke yake porini. Alikuwa mwalimu katika chuo kilichojaa wachoraji wa Kiafrika waliokuwa wanajiuliza sanaa yetu itaonekanaje baada ya mkoloni kuondoka. Yeye akachagua kuchora popo na panya wakati wenzake wanachora mavuno, ndoa na Yesu Mwafrika. Mimi huwa nalitafakari hilo.

#5 Mwongozaji_Karatu

Dada Nyakato, ahsante sana, hilo la Ntiro na Njau lilipaswa kuwemo kwenye posti yangu ya kwanza.

Sasa niwaletee kima.

Mnaofika misitu ya Uganda, Kakamega, Gombe au Mahale mmewaona kima wa jamii ya Cercopithecus. Miili yao inafanana sana: ukubwa unakaribiana, mkia mrefu, wanakula matunda na majani, wanaruka mti kwa mti. Lakini nyuso! Yule mwenye mkia mwekundu ana doa jeupe puani lenye umbo la moyo na mashavu meupe. Kima wa De Brazza, ambaye Kenya unamkuta Saiwa karibu na Kitale, ana ndevu nyeupe ndefu na mwezi mwandamo wa rangi ya chungwa juu ya macho. Kima wa kawaida uso wake umetulia, rangi ya majivu na nyeusi. Kwa nini Mungu, au maumbile kama mnavyopenda kusema, aweke rangi zote hizo usoni na kuacha mwili mzima ukiwa wa kawaida tu?

Kingdon alizichora hizo nyuso tena na tena. Na alipozichora hakuishia kwenye uso uliotulia kama picha ya pasipoti. Alichora mfululizo wa vichwa: kichwa kikigeuka kushoto, kikirudi kulia, kikiinama, kikinyanyuka. Akagundua kwamba kila spishi ina namna yake ya kutikisa kichwa inapokutana na mwenzake, na kwamba mtikiso huo unaendana na mahali rangi ilipo. Mwenye doa puani anakigeuza kichwa upande hadi upande, na doa linamulika. Rangi na mwendo ni kitu kimoja.

Mwaka 1980 akaandika hoja yake katika jarida la chama cha zuolojia cha London. Alisema hivi kwa ufupi: kima hawa wanaishi spishi mbili, tatu, hata zaidi katika msitu mmoja, mara nyingi wanatembea kundi moja wakitafuta chakula. Wanahitaji kujuana kwa haraka nani ni wa spishi yake, asije akapoteza msimu wa kuzaa kwa asiye wake. Uso ndio unaobeba ujumbe huo.

Ilikuwa hoja ya mchoraji. Wapo waliosema ni nzuri kuitazama ila haipimiki. Basi mwaka 2014 watafiti watatu, Allen, Stevens na Higham, wakachukua picha za nyuso za spishi zaidi ya 20 za kima hawa, nyingine zikiwa zimepigwa katika bustani za wanyama na nyingine katika kituo cha kuhifadhi kima kule Nigeria, wakazipitisha kwenye programu ya kompyuta ya kutambua sura. Wakaona kwamba spishi zinazoishi eneo moja zina nyuso zinazotofautiana zaidi kuliko zile zinazoishi mbalimbali. Kitu kile kile alichokiona mtu mwenye penseli, miaka 34 kabla.

Mimi jambo hili linanigusa sana. Kuna watu wanadhani kupenda maumbile ni kusimama ukingoni mwa bonde na kusema "pazuri!". Huyu aliyapenda kwa kukitazama kichwa kimoja cha kima mpaka akajua kwa nini kiko vile.

#6 Mtu_wa_Ujiji

Mkuu, uzi mzuri, ila mimi ni wa Kigoma na hapo kuna jambo. Gombe kima mwenye mkia mwekundu na kima wa kawaida wanazaana. Machotara wapo, wameonekana miaka mingi, na watafiti wameandika. Sasa kama uso ni wa kuzuia wasichanganyike, pale Gombe imekuwaje?

#7 Mwongozaji_Karatu

Ndugu wa Ujiji, umeuliza swali ambalo lazima liulizwe. Ni kweli, machotara wa Gombe wanajulikana vizuri, na wao wenyewe wanazaa.

Ninavyoelewa mimi, hoja ya Kingdon inasema uso unasaidia kuchagua, haisemi uso ni ukuta. Gombe ni hifadhi ndogo sana, kipande chembamba kati ya ziwa na milima, watu wamelima pande zote. Mnyama akikosa wa kwake atachukua aliyepo. Lakini nakubali kwamba Gombe inatulazimisha kuishika hoja ile kwa tahadhari, na ndiyo maana misitu midogo kama ile ina thamani kubwa kwa watafiti.

Ukienda tena pale, watazame machotara nyuso zao. Rangi za wazazi wawili zinagombea uso mmoja.

#8 Mtu_wa_Ujiji

Nimekuelewa. Nitawatazama kwa jicho jingine.

#9 Mwongozaji_Karatu

Tuendelee na panya. Kwangu huyu ndiye kilele cha uzi, kwa hiyo mnivumilie.

Kuna panya mmoja wa nyanda za juu na misitu ya Kenya, Ethiopia na nchi za jirani, jina lake la kitaalamu ni Lophiomys imhausi. Mimi namwita panya mwenye shungi. Ni mkubwa, manyoya marefu meusi na meupe, anatembea polepole kama hana haraka na dunia. Mnyama mdogo anayetembea polepole usiku, tena mwenye rangi ya kuonekana, alipaswa kuwa ameliwa na kwisha zamani. Lakini mbwa akimng'ata panya huyu, mbwa ndiye anayeanguka. Wengine wanatokwa na povu, wengine wanakufa.

Akitishwa, panya huyu hakimbii. Anasimamisha shungi la mgongoni, manyoya yanagawanyika ubavuni, na katikati inafunguka njia ya manyoya mafupi ya rangi ya kahawia, kuanzia shingoni kushuka ubavu mzima. Yaani anamwelekeza adui: ning'ate hapa.

Kingdon alikuwa naye kwenye kile kipande cha panya cha mwaka 1974. Na miaka mingi baadaye, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, akarudi kwake pamoja na timu iliyokuwa na Bernard Agwanda wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wengine. Walimpa panya matawi na mizizi ya msunguti. Panya akatafuna gamba, akalichanganya na mate, kisha akageuza shingo na kujipaka yale manyoya ya ubavuni. Huko kwingine hakupaka.

Msunguti ndio ule mti wa sumu ya mishale. Sumu yake, uabaini, inasimamisha moyo. Imeangusha tembo.

Halafu wakayaweka yale manyoya chini ya hadubini yenye nguvu. Na hapa tusome taratibu. Unywele wa kawaida ni mrija mgumu uliofunga. Unywele wa ubavu wa panya huyu, ganda lake la nje lina matundu kama wavu, na ndani mna nyuzi nyembamba nyingi zimelala pamoja. Ukiugusisha na majimaji unayavuta juu na kuyashika, kama utambi wa taa unavyovuta mafuta ya taa. Kila unywele ni chombo cha kubebea sumu. Mbwa anapong'ata ubavu, mdomo wake unajaa.

Habari hiyo ilitoka 2011. Mwaka 2020 timu nyingine, Agwanda akiwemo tena, ikawanasa panya hawa Kenya, ikawawekea kamera, ikathibitisha kwamba kweli wanatafuna na kujipaka, na kwamba sumu ile haiwafanyi chochote cha kuonekana. Tena wakaona kitu ambacho hakikutarajiwa: wanaishi wawili wawili, dume na jike, wakisafishana manyoya.

Sasa niambieni. Nani angeuliza swali kuhusu unywele mmoja wa panya kama si mtu aliyezoea kuchora unywele? Anayechora ubavu wa mnyama analazimika kuamua: hapa manyoya ni marefu, hapa mafupi, hapa rangi imebadilika. Akifika pale penye njia ya kahawia hawezi kupita bila kujiuliza hiki ni nini.

#10 Mutua_Kitui

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi ni Mkamba na hii ya msunguti imenigusa. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwindaji. Sumu ilipikwa mbali na nyumba, watoto tulikatazwa hata kusogelea moshi. Vipande vya mbao vinachemshwa saa nyingi mpaka linabaki lami jeusi, linapakwa kwenye mshale, kisha mshale unafungwa na ngozi ili usikauke na usimchome mwenyewe. Wazee wetu walijua mti upi una nguvu na upi hauna.

Swali langu ni hili, na sina ubaya. Hawa wataalamu wanapoandika, wazee kama babu yangu wanatajwa? Ama wanatajwa tu kama "wenyeji"?

#11 Simba_Mzee_wa_Kisarawe

Naunga mkono Mutua. Na niseme wazi zaidi. Huyu ni mtoto wa ofisa wa mkoloni, aliyezaliwa Tabora kwa sababu baba yake alitumwa kuitawala. Tunamsifia kwa kuchora wanyama ambao wazee wetu waliwajua kwa majina, nyayo na tabia. Kama baba yangu angepewa penseli, karatasi na mshahara wa Makerere, asingeshindwa.

#12 Mwongozaji_Karatu

Mzee wa Kisarawe, shikamoo. Bwana Mutua, pole na ahsante kwa kutushirikisha habari za babu.

Sitabishana na hilo la nafasi. Ni kweli tupu. Mtoto wa mwindaji wa Kitui mwaka 1950 hakuwa na njia ya kufika Ruskin, na Kingdon alikuwa nayo kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Kuhusu wazee kutajwa: makala zile zinaeleza kwamba msunguti ni sumu ya mishale ya wawindaji wa Afrika Mashariki, lakini mzee mmoja mmoja hawekewi jina lake. Na mimi naona ni upungufu wa utafiti mwingi wa aina hii, si huu peke yake. Ujuzi wa kupika sumu ile ndio uliowaonyesha watu mti wa kuutazama. Ndiyo maana nilipoandika juu ya panya nilitaja kwa makusudi jina la Agwanda. Yupo kwenye kazi zote mbili, na ni mtafiti wa makumbusho yetu ya Afrika Mashariki. Vijana wamjue.

Lakini mzee wangu, naomba unikubalie jambo moja. Nafasi walipewa wengi. Maofisa wa kikoloni waliokuwa na penseli, karatasi na mshahara walikuwa mamia, na wengi walichoacha ni pembe ukutani. Huyu alikaa na popo. Alikaa na panya. Wanyama ambao hakuna mgeni anayelipa kuja kuwaona. Mimi namheshimu kwa hilo.

#13 Simba_Mzee_wa_Kisarawe

Marahaba mwanangu. Nimekusoma. La pembe ukutani umenishinda. La babu yake Mutua bado linabaki pale pale.

#14 Mwongozaji_Karatu

Linabaki, mzee. Hata mimi sitaki liondoke.

#15 rangi_za_baiskeli

Wakuu mimi ni mchoraji, nauza Slipway na Mwenge. Umetaja Tingatinga mwanzo halafu ukamwacha. Yeye naye alipenda wanyama. Unawaweka vipi pamoja?

#16 Mwongozaji_Karatu

Fundi, karibu sana. Tingatinga wa Tunduru alianza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 60, kwenye hadibodi, kwa rangi za mafuta zilizokuwa zinatumika kwenye baiskeli, na alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi iliyompata kimakosa. Miaka yake ya kuchora ilikuwa michache mno. Chui wake ni chui aliyekaa kichwani: macho makubwa, madoa yamepangwa, mgongo umejipinda kuujaza ubao. Hakuhitaji fuvu la chui.

Kingdon anakwenda upande wa pili, chui alivyo hata kama hapendezi. Siwashindanishi. Ila nitakwambia kitu kimoja kwa kuwa wewe ni fundi: wote wawili walijua kwamba mnyama huanza kusomeka kwenye ukingo wa umbo lake. Funika rangi zote kwenye kazi ya Tingatinga, ubaki na mstari wa nje, bado unamjua ni nani. Fanya hivyo kwa mchoro wa penseli wa Kingdon, ni vilevile.

#17 kijana_wa_kimara

Mkuu, na kamera je? Siku hizi simu tu inapiga picha mpaka kope za twiga. Kuna haja gani ya kitabu cha michoro?

#18 Mwongozaji_Karatu

Kijana, hilo nalijibu kwa kazi ninayoifanya.

Picha ya kamera inakupa mnyama mmoja, saa moja, kwenye mwanga mmoja. Nguchiro wa asubuhi mwenye jua la pembeni ana rangi ya dhahabu. Yule yule saa sita mchana ni kijivu. Mgeni akilinganisha na picha ya kitabu anaona rangi haifanani, anakataa. Mchoraji amewaona wengi, amechuna ngozi, amepima mkia, anachora kile ambacho nguchiro wote wa aina hiyo wanacho na kuacha kilichokuwa cha siku ile tu. Ndiyo maana vitabu vingi vya kutambua ndege na wanyama mpaka leo vinachorwa.

Kisha kuna faida ya mchoraji mwenyewe. Simu inapiga na wewe unaondoka. Ukichora unalazimika kubaki.

Niongeze pia kitabu chake cha 1990, "Island Africa", ambacho watu wa Tanga, Morogoro na Iringa mkikipata mtakipenda. Anaeleza Afrika kama bara lenye visiwa ndani yake: milima yenye misitu iliyotengwa na nchi kavu inayoizunguka, kila mmoja ukitengeneza viumbe vyake. Usambara, Uluguru, Udzungwa. Na tangu hapo milima hiyo imeendelea kumpa haki. Mbega na kima wa pekee tulikuwa tunao, yule kima wa Sanje kule Udzungwa alijulikana kwa wataalamu 1979 tu, lakini mwaka 2005 ikatangazwa kipunji kutoka Rungwe na Udzungwa, kima ambaye wawindaji wa Rungwe walikuwa wanamtaja na wataalamu hawamjui. Mutua, hapo tena babu yako yumo.

#19 Mutua_Kitui

Nimeona. Asante ndugu.

#20 binti_mawe_ya_mwanza

Samahani kwa kuchelewa, nimesoma uzi wote leo kazini. Mimi nafundisha shule ya msingi Mwanza, watoto wanapenda kuchora ila wananakili katuni. Nataka niwapeleke nje wachore mnyama halisi. Hatuna hifadhi karibu ya kwenda kila wiki. Nianze na nini?

#21 Mwongozaji_Karatu

Mwalimu, una bahati kuliko mimi. Una pimbi. Mwanza mawe yote yana pimbi, na asubuhi hawakimbii hovyo kwa sababu miili yao haishiki joto vizuri, lazima waote jua kwanza. Watoto watapata muda wa kutosha wakikaa mbali kidogo na kunyamaza.

Wape penseli laini na karatasi yoyote, hata ya daftari lililokwisha. Mara ya kwanza wachore umbo la nje tu, pimbi akiwa amelala juu ya jiwe, bila macho wala manyoya. Wengi watachora sungura. Usiwasahihishe, waambie tu waangalie masikio na mkia, watagundua wenyewe kwamba mkia haupo.

Mara ya pili uwaulize pimbi wao ni wa aina gani, maana juu ya mawe mara nyingi wanaishi aina mbili pamoja. Mmoja ni mnene, pua butu. Mwingine mwembamba, uso umechongoka, na juu ya jicho ana nyusi nyeupe. Halafu watazame katikati ya mgongo: kuna doa la manyoya yenye rangi tofauti, limezunguka tezi ya harufu, na pimbi akikasirika au kuogopa yale manyoya yanasimama. Wachore doa likiwa limelala, kisha wasubiri ugomvi, wachore likiwa limesimama. Ukipata picha zao, na wazazi wakiridhia, zilete hapa. Na Fundi wa rangi za baiskeli, kama unazo hadibodi vipande usivyovitumia, msalimie mwalimu PM.

#22 rangi_za_baiskeli

Ninavyo. Mwalimu, nakutumia ujumbe sasa hivi.